Ng'ombe wa Warumi: Sura na Asili ya Neno "Bos"

Katika mikutano yetu ya walimu huzuka mara kwa mara swali ambalo huanza kwa utulivu na kuishia kwa kelele: neno hili ni la nani? Mmoja husema ni la Kiarabu; wa pili husema ni la Kibantu; wa tatu, kwa kuwa amelisikia kwa bibi yake likitamkwa kwa Kirundi, hushikilia kwamba Waswahili ndio walioliazima kutoka huku kwetu. Kila mmoja huleta ushahidi wa aina moja tu, nao ni kufanana kwa maneno. Badala ya kuuendeleza ugomvi huo juu ya maneno yetu wenyewe, ambayo kila mtu ana uchungu nayo, tumeona yafaa tutazame neno la mbali lisilo na mtetezi miongoni mwetu. Neno lenyewe ni bos, yaani ng'ombe kwa Kilatini. Wenzetu waliopita seminari wanalikumbuka, na si wote wanaolikumbuka kwa mapenzi.

Sababu ya kutopendwa kwake ni sura zake. Nomino ya Kilatini hubadili mwisho wake kufuatana na kazi inayofanya katika sentensi, na mwanafunzi akishajua kundi la nomino anaweza kuzipanga sura zake zote bila kuuliza. Bos haimpi raha hiyo. Ng'ombe akiwa mtenda ni bos. Akitendwa ni bovem. Kitu chake ni cha bovis. Konsonanti v imetokea wapi? Katika wingi tunapata boves, na mwanafunzi anapumua, maana v bado ipo. Lakini kusema "ya ng'ombe" kwa wingi hakusemwi bovum kama tungalivyotazamia. Aghalabu husemwa boum, na v imetoweka tena. Na pale panapotakiwa "kwa ng'ombe" kwa wingi, sura ya kawaida bovibus karibu haionekani. Wako waliosema bobus na wako waliosema bubus, na waandishi wenye sifa walizitumia zote mbili. Hata soko la ng'ombe la mji wa Roma, kando ya mto Tiber, liliitwa Forum Boarium, kwa kivumishi kisicho na v.

Si wanafunzi wa leo tu waliotaka kulinyoosha neno hili. Cato, aliyeishi kati ya 234 na 149 K.K. na kuandika kitabu juu ya kilimo, alipotaka kutaja jozi za ng'ombe wa kulimia alitumia sura boverum, ambayo vitabu vya sarufi haviifundishi. Petronius naye, katika karne ya kwanza B.K., alipomwandika mtumwa aliyeachwa huru akisimulia kisa mezani, alimpa kinywani bovis mahali pa bos, yaani mtu huyo alichukua shina lenye v na kulifanya kuwa mtenda, kama vile kanuni ya nomino nyingine ilivyomruhusu. Petronius alikusudia tucheke. Sisi walimu, tukiisha kucheka, twapaswa kuona kwamba mtu yule hakukosea ovyo. Alikosea kwa kufuata kanuni, na kanuni aliyoifuata ilikuwa nzuri kuliko neno lenyewe.

Hapa hatuna budi kugeuka kidogo tulitazame zizi letu. Neno ng'ombe lina siri ya namna hiyo hiyo, na twaipita kila siku bila kuiona. Mwanafunzi wetu huandika ngombe bila ile alama ya juu, nasi twamkata alama. Akiuliza alama ile ni ya nini, twamwambia kwamba sauti ng' si sauti ng, jambo ambalo ni kweli lakini halimwelezi kitu. Basi na atazame ukubwa wa neno hilo: gombe, na wingi wake magombe. G imerudi! Ilikuwamo ndani ya shina siku zote. Imemezwa tu katika sura ya kawaida, ambamo sauti ya puani imeikalia. Wasemaji wa Kilingala bado husema ngombe na g ikisikika. Kwa hiyo ng'ombe na gombe ni ndugu kama bos na bovem walivyo ndugu: sura moja imeficha konsonanti ambayo nduguye ameihifadhi. Mwalimu anayejua hilo anaweza kuifundisha alama ya juu kama kaburi la sauti iliyokuwapo, na mwanafunzi hataisahau.

Vivyo hivyo kwa wingi. Ng'ombe ni ng'ombe, awe mmoja au mia. Upatanisho ndio unaotuambia hesabu, ng'ombe yule, ng'ombe wale. Kirundi hufanya hivyo hivyo kwa neno lake inka. Lakini katika miji ya bara husikika mang'ombe, nasi walimu huwa wakali sana juu ya neno hilo. Ni haki kulisahihisha katika mtihani, maana Kiswahili sanifu hakiutumii wingi huo. Si haki kumwambia mtoto kwamba amesema upuuzi. Ameona machungwa, mayai na magari, akatoa kanuni, akaitumia. Cato alipoandika boverum alifanya jambo lililo jirani sana na hilo, wala hakuna aliyemwita mjinga.

Sasa tuingie katika asili. Mwandishi tunayetaka kumhakiki ni Marcus Terentius Varro, aliyezaliwa mwaka 116 K.K. na kufa mwaka 27 K.K., mtu aliyesifiwa na wenzake kuwa msomi mkubwa kuliko Warumi wote. Aliandika kitabu juu ya lugha ya Kilatini katika sehemu 25, na sehemu zilizotufikia ni zile za 5 hadi 10 tu, tena zina mapengo. Katika sehemu ya nane ameieleza hoja ya wale waliokana kwamba lugha hufuata kanuni, na mmojawapo wa mifano yao ni huu huu wetu: makundi ya ng'ombe, wengine husema boum, wengine boverum. Varro ameziweka sura hizo mbele yetu bila kuzifunika. Kwa hilo tunamshukuru kuliko waandishi wengi wa sarufi waliomfuata, ambao walichagua sura moja na kuzizika nyingine.

Lakini Varro wa asili za maneno si Varro wa sura za maneno. Katika sehemu ya tano anapita juu ya majina ya mifugo, na anapofika kwa wanyama wakubwa anasema kwa ufupi kwamba majina yao ni yale yale ya Wagiriki: bos kwa kuwa Wagiriki husema bous, taurus kwa kuwa wao husema tauros, na nguruwe na kondoo vilevile. Halafu, kana kwamba hakutosheka na alilolisema, anaongeza kwamba huenda majina hayo yalitungwa Latium na Ugiriki kila mahali peke yake, kwa kuiga sauti za wanyama wenyewe. Basi tuna maelezo mawili katika mistari michache: la kwanza kwamba neno ni sawa na la Kigiriki, la pili kwamba ni mlio wa ng'ombe. Yote mawili yametokana na sikio. Hakuna mahali alipouliza iwapo sauti b ina haki ya kuwapo hapo.

Swali hilo ndilo lenye uzito, na ili kulieleza tutatumia mambo ya hapa kwetu kabla ya kurudi Roma. Kila mwalimu anayezungumza Kirundi na Kiswahili ameona kwamba mahali ambapo Kiswahili kina p, Kirundi aghalabu kina h: kupa ni guha, kupita ni guhita, kulipa ni kuriha, pembe ni ihembe. P ya Kirundi hubakia salama ikiwa imetanguliwa na m. Pengine pote imelainika. Mabadiliko hayo hayakuchagua neno hili na kuliacha lile. Kwa hiyo pembe na ihembe ni maneno ya ukoo mmoja, na hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Kila lugha imelirithi na kulilea kwa desturi zake. Lakini Kirundi kina pia gupima na ipera, yenye p tupu isiyolindwa na m. Yamepataje kuponyoka? Hayakuponyoka. Yaliingia baada ya mlango kufungwa: gupima imetoka katika kupima, na ipera ni pera la Waswahili, ambao nao walilipata jina hilo kwa Wareno. Angalieni basi jinsi hukumu inavyopinduka. Neno linalofanana sana, ipera na pera, ndilo la kuazima. Neno lililotofautiana, ihembe na pembe, ndilo la urithi. Kufanana kulikuwa kunatudanganya.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomhukumu bos. Lugha za jamii ya Kihindi-Ulaya zilikuwa na sauti moja ya kale, g iliyotamkwa kwa midomo ikiwa imeviringwa, na kila lugha iliirithi kwa namna yake. Kigiriki mara nyingi kiliifanya b. Kilatini kiliifanya v, ambayo Warumi waliitamka kama w yetu. Lugha za majirani wa Warumi katika milima ya Italia, yaani Kioska na Kiumbria, ziliifanya b. Ushahidi ni mwingi. Neno la kuja ni venio kwa Kilatini, na Kiumbria kina benust, "atakuwa amekuja". Neno la uhai ni vivus kwa Kilatini, na Kioska kina bivus, "walio hai". Palipo na v mjini Roma, pana b milimani. Na ng'ombe je? Kisanskriti humwita gauh, Kilatvia govs, Kiingereza cow, wote wakiwa na alama ya ile g ya kale; Kigiriki bous; na Kiumbria, katika sura ya kutendwa, bum. Kilatini kingalipaswa kuwa na v mwanzoni. Hakina. Bos ni ipera ya Warumi.

Nani aliyewapa? Twaweza kumtetea Varro kidogo hapa, maana Wagiriki nao wana b, na msomaji angeweza kusema kwamba mzee alikisia vyema japo kwa njia mbovu. Wataalamu wengi hawakubali, nasi tunaona wana haki. Bos hakuja peke yake. Jina la mbwa mwitu, lupus, lina p mahali ambapo Kilatini kilitakiwa kuwa na sauti qu na Kigiriki kina k, lykos. P hiyo ni ya milimani na haiwezi kuwa ya Wagiriki. Kupika kwa Kilatini ni coquere, lakini jina la mgahawa wa watu wa kawaida lilikuwa popina, mzizi ule ule uliovaa p za majirani. Tena kuna ile o ndefu ya bos. Irabu mbili ou za kale, Kilatini cha mjini kiliziunganisha kuwa u ndefu, kama tuionavyo katika bubus. Kiumbria kiliziunganisha kuwa o. Kwa hiyo bobus na bubus, zilizomchosha mwanafunzi wetu pale mwanzoni, hazikuwa uzembe wa waandishi. Zinatuonyesha mazoea mawili ya matamshi yaliyokutana ndani ya neno moja.

Kuhusu Kiumbria hatukisii. Katika mji wa Gubbio yamehifadhiwa mabamba saba ya shaba nyeusi yaliyopatikana mwaka 1444, nayo yana maagizo marefu ya ibada: mnyama gani atolewe, kwa mungu gani, mbele ya lango lipi la mji. Mbele ya mojawapo ya malango hayo wanatakiwa ng'ombe watatu, na neno lililochongwa ni buf. Hawa walikuwa watu wa mifugo. Kati yao na Roma palikuwa na Wasabini, na kutoka Roma hadi Reate, mji wa Wasabini, ilikwenda ile barabara iliyoitwa Via Salaria, Njia ya Chumvi, ambayo kwayo Wasabini walijichukulia chumvi ya pwani. Chumvi ilipanda. Si vigumu kufikiri kilichoteremka, wala ni soko gani lililokuwa likikipokea kando ya mto Tiber. Wenzetu wanaofundisha Buyenzi wanajua vizuri kuliko vitabu vyote jinsi neno linavyoweza kuhama pamoja na bidhaa yake, mnunuzi akilirudia kama muuzaji alivyolitamka ili wasikosane katika bei.

Na sasa lile linalotufanya tumlaumu Varro badala ya kumsamehe. Varro aliitwa mtu wa Reate. Alikuwa na mashamba huko. Lugha ya Wasabini haikuwa kwake habari ya kusikia. Tena si kwamba hakujua thamani yake. Mara tu baada ya kumaliza habari za ng'ombe, katika kifungu kinachofuata, anafika kwa mnyama mwingine mwenye pembe, beberu, na anasema kwamba hircus wa Kilatini ndiye fircus wa Wasabini. Na mwana-mbuzi ambaye mjini Roma ni haedus, kwa Wasabini ni fedus, na mashambani mwa Latium ni edus. Hayo ni maelezo mazuri kabisa. Yana sauti mbili zinazopatana mara mbili, yana mjini na mashambani, yana jirani aliyetajwa kwa jina. Kama angalirudi nyuma mistari michache na kumweka ng'ombe kwenye mizani ile ile aliyompimia mbuzi, angalifika.

Hakurudi. Kwa nini? Kitabu chenyewe hakituambii, lakini mpangilio wake unatupa dokezo. Beberu ni mnyama wa maskini. Kumtafutia asili kwa Wasabini hakumpunguzii mtu heshima. Ng'ombe ni mnyama wa madhabahu na wa jembe. Varro mwenyewe, katika kitabu chake juu ya kilimo, anaeleza kwamba wazee wa zamani walimhesabu ng'ombe kuwa mshirika wa mwanadamu katika kazi ya shamba, hata wakataka aliyemwua alipe kwa maisha yake. Kwa mnyama wa cheo hicho msomi alitafuta ukoo wa cheo, na katika siku zake cheo kilikuwa kwa Wagiriki. Hili ndilo kosa tunaloliona kwetu pia. Mwalimu akikutana na neno la Kiswahili asilolijua, hukimbilia kamusi ya Kiarabu, na asipoliona huko hujaribu Kireno au Kiajemi. Kipokomo, Kigiriama, Kizigua, Kiha, zilizo jirani na ndugu wa damu, haziulizwi. Na wako wa upande wa pili, wanaotaka kila kitu kiwe cha nyumbani hata kama ushahidi uko baharini, kama wale wanaosimulia kwamba jina la Kiswahili limetokana na "siwa hili". Ni hadithi tamu. Jina limetokana na sawahil, pwani kwa Kiarabu, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Makundi hayo mawili huchukiana mno, ilhali yana mazoea mamoja: kwanza huchagua ukoo, kisha huitafutia sauti njia ya kuufikia.

Wale wanaoogopa kwamba maneno ya kuazima yanaidhalilisha lugha wana jambo la kutazama katika sarafu moja ya kale. Mwaka 91 K.K. majirani wa Roma, wakiwamo wasemaji wa Kioska, waliinuka kudai haki zao kwa vita, na katika vita hivyo walipiga sarafu zao wenyewe. Mojawapo inaonyesha fahali akimkanyaga na kumpiga pembe mbwa mwitu jike, ambaye ni alama ya Roma, na kando yake limeandikwa kwa Kioska Viteliu, ndilo jina la Italia, ambalo watu wa kale walilihusisha na ndama, vitulus. Roma ilishinda mapigano, ikatoa haki zilizodaiwa. Lakini katika sarafu ile wanyama wote wawili, anayepiga na anayepigwa, ni wa jamii ambazo Warumi walizitaja kwa maneno ya wapinzani wao: bos na lupus. Hata alama yao wenyewe waliitaja kwa sauti ya kigeni, na lugha yao ilitawala mahakama za Ulaya karne nyingi.

Tumeahidi kuzungumza juu ya neno, na neno halimalizwi kwa asili yake. Lina pia mambo liliyotumiwa kuyataja. Hapa bos ana utajiri. Kwa kuwa Warumi hawakuwa na mnyama wa miguu minne mkubwa kumzidi, kila mnyama mgeni mwenye ukubwa na pembe aliwekwa katika zizi lake. Caesar, katika kitabu cha sita cha vita vyake vya Gallia, ametaja bos mwenye umbo la kulungu na pembe moja katikati ya paji la uso, anayeishi katika misitu ya Germania. Inadhaniwa ni habari za aina ya kulungu wa nchi za baridi, zilizopita midomoni mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Na mwaka 280 K.K., mfalme Pyrrhus alipovuka bahari na kupigana na Warumi katika nchi ya Lucania, kusini mwa Italia, askari wa Roma waliona kwa mara ya kwanza ndovu. Wakamwita Luca bos, ng'ombe wa Lucania.

Varro alilieleza jina hilo katika sehemu ya saba, kwa sababu mshairi wa kale Naevius alikuwa amelitumia. Anataja maoni ya waliomtangulia. Wengine walisema Luca ni Libya iliyoharibika. Wengine walisema ni Lucania, kwa sababu hii hasa, kwamba Warumi walikuwa wakimwita bos mnyama mkubwa kuliko wote waliokuwa nao, na huko Lucania wakaona wanyama wengine wa miguu minne wenye pembe. Maana, wanasema, vile ambavyo wengi huviita meno ya ndovu ni pembe. Maelezo haya ya pili ni mazuri. Yana mahali, yana wakati, yana askari waliokuwa na hofu na neno moja tu mkononi. Plinius naye aliyashika. Varro anayakataa yote mawili. Anasema jina limetokana na lux, nuru, kwa kuwa minara iliyokuwa juu ya migongo ya ndovu ilipambwa kwa ngao za kifalme zilizopakwa dhahabu, nazo zikang'aa kutoka mbali. Ni picha nzuri, nasi twakiri kwamba tulipoisoma mara ya kwanza tulimpenda kwa ajili yake. Lakini ni sikio tena, Luca na lux, na safari hii sikio limemfanya aitupe kweli iliyokuwa imewekwa mkononi mwake.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita hoja ile ya pembe na meno bila kutabasamu. Sisi twasema pembe za ndovu. Warundi husema amahembe y'inzovu. Wafanyabiashara wa pwani wa zamani walikuwa na buri kwa pembe kubwa na kalasha kwa pembe ndogo, na siwa ya Pate, ile iliyopulizwa katika sherehe za watawala, imechongwa kwa pembe za ndovu na kuwa na umbo la baragumu, kama vile Warumi, kwa ushahidi wa Varro mwenyewe, walivyokuwa na baragumu za pembe za ng'ombe kabla hazijafanywa kwa shaba. Kwa elimu ya viumbe, tunajua kwamba pembe hizo ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyorefuka. Lugha zetu hazikuyahesabu hivyo. Zilitazama kinachochomoza kichwani na kupigana nacho, zikakiita pembe.

Katika karne ya kwanza B.K. jambo hili lilikuwa bado ni ubishi wa wasomi. Plinius anatuambia kwamba Juba, mfalme wa Mauretania, yaani Mwafrika wa kaskazini aliyeandika vitabu vingi kwa Kigiriki, aliziita pembe. Yeye Plinius akaona kwamba Herodotus na mazoea ya watu walifanya vyema zaidi kuziita meno. Karne moja baadaye Pausanias, Mgiriki, akasimama upande wa Juba na kutoa hoja ndefu kwamba ni pembe kweli. Wakati wao walipokuwa wakibishana, merikebu zilikuwa zikizipakia bidhaa hizo hizo katika bandari ya Rhapta, kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Nahodha mmoja wa karne ya kwanza, aliyeandika kwa Kigiriki kitabu cha njia za bahari ya Hindi, ameziorodhesha miongoni mwa mali ya Rhapta, akasema ni nyingi lakini si nzuri kama zile za Adulis. Aliziandika kwa jina la ndovu mwenyewe, elephas, bila kusema kama ni meno au pembe.